Jinsi, Daraja na Saini: Historia Fupi ya Maneno ya Heshima katika Barua za Kiswahili, kutoka Kilwa hadi Kabanga

Ikisiri

Desturi ya kutaja viwakilishi vya nafsi katika saini za barua pepe za kazini imeenea katika nchi zinazotumia Kiingereza tangu muongo wa 2010. Kwa kuwa kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja katika Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume, husemwa mara nyingi kwamba suala hilo haliwahusu watumiaji wa Kiswahili. Makala haya yanapinga hitimisho hilo kwa njia ya historia. Yanaonesha kwamba barua ya Kiswahili imekuwa na mahali pa kutajia jinsi kwa zaidi ya karne tatu, isipokuwa mahali hapo si kiwakilishi, bali ni neno la heshima linalotangulia au kuunganisha majina. Yanaonesha pia kwamba mabadiliko makubwa ya maneno hayo nchini Tanzania yalisukumwa zaidi na suala la daraja kuliko la jinsi. Mji wa mpakani wa Kabanga, wilayani Ngara, unatumika kama mfano wa mahali ambapo desturi hizo mbili zinakutana kila siku.

1.0 Utangulizi

Katika muongo wa 2010, vyuo vikuu, mashirika na kampuni nyingi za Marekani, Kanada na Uingereza vilianza kuwaruhusu, na baadhi kuwahimiza, watumishi wao kuongeza mstari mmoja katika saini ya barua pepe. Chini ya jina na cheo, mtumishi aliandika viwakilishi ambavyo angependa kurejelewa kwavyo: he kwa mwanamume, she kwa mwanamke, au they kwa asiyetaka kutajwa kwa jinsi yoyote kati ya hizo mbili. Waliounga mkono desturi hiyo waliiona kuwa ni adabu kwa mtu ambaye jinsia yake haisomeki katika jina lake. Walioipinga waliiona kuwa ni tamko la kisiasa lililoingizwa kazini. Mwishoni mwa Januari 2025, watumishi wa idara za serikali ya shirikisho ya Marekani waliagizwa kuondoa viwakilishi hivyo katika saini zao. Maneno mawili madogo yalikuwa yamegeuka suala la dola.

Barua pepe za mashirika ya kimataifa zimeifikisha desturi hii Afrika Mashariki, na swali limefuata: anayeandika kwa Kiswahili aandike nini? Jibu la haraka ni kwamba haandiki kitu, kwa kuwa yeye ni yeye. Makala haya yanakubali kwamba jibu hilo ni sahihi kisarufi, lakini yanadai kwamba ni pungufu kihistoria. Katika mjadala unaofuata, neno jinsi linatumika kwa maana ya kuwa ke au me, na neno jinsia kwa maana ya nafasi ambayo jamii inampa mtu kutokana na hali hiyo.

2.0 Kwa Nini Kiwakilishi cha Kiswahili Hakiwezi Kufanya Kazi Hiyo

Kiambishi a- katika anaandika na kiambishi -m- katika nilimwandikia hutaja kiumbe wa ngeli ya kwanza bila kujali jinsi yake. Kiwakilishi huru yeye ni hivyo hivyo. Jambo lisilosisitizwa mara nyingi ni tabia ya kimilikishi. Katika Kiingereza, kimilikishi cha nafsi ya tatu hufuata jinsi ya mmiliki. Katika Kiswahili, hufuata ngeli ya kinachomilikiwa: kalamu yake, kitabu chake, gari lake. Shina -ake halisemi lolote kuhusu jinsi ya mwenye kalamu. Kwa hiyo, saini inayofuatwa na maneno “yeye/wake” haimpi msomaji taarifa yoyote ambayo hakuwa nayo. Ni umbo la desturi ya kigeni lisilo na kazi yake.

Hali hii si ya Kiswahili peke yake. Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara, zimo katika kundi moja na Kirundi na Kiha. Guthrie aliziorodhesha katika kundi D60: Kirundi D62, Kishubi D64, Kihangaza D65 na Kiha D66. Mfumo wa ngeli katika lugha hizi, kama ulivyo katika lugha za Kibantu kwa jumla, hugawa watu na vitu, haugawi wanawake na wanaume. Mrundi anaposema umwana wiwe, yaani mtoto wake, msikilizaji hajui kama mzazi ni baba au mama. Mtu wa Kabanga anayetoka katika lugha ya nyumbani na kuingia katika Kiswahili cha ofisini havuki mpaka wowote katika jambo hili. Mpaka anauvuka anapoingia katika Kiingereza, au katika Kifaransa cha ng'ambo ya Kobero.

3.0 Bin, Binti na Dua ya Barua za Pwani

Barua za kale kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, na zimehifadhiwa katika kumbukumbu za kihistoria za Goa, India. Miongoni mwa waandishi wake ni mtawala mwanamke, Fatima binti Muhammad. Jina hilo peke yake linatosha kuanzisha hoja. Mwandishi hahitaji kiwakilishi ili msomaji ajue kwamba ni mwanamke, kwa kuwa neno binti limekwisha kusema. Laiti angekuwa mwanamume, mahali pale pale pangekuwa na bin. Kiungo cha nasaba kilikuwa pia kitambulisho cha jinsi, na hapakuwa na namna ya kuandika jina kamili la Kiislamu la pwani bila kukitaja. Ndivyo Siti binti Saad alivyojulikana hadi kifo chake mwaka 1950.

Jinsi ilikuwa na mahali pengine pia. Barua za karne ya 19, kama zile ambazo C. G. Büttner alizichapisha mwaka 1892, zilifunguliwa kwa kanuni za Kiarabu kabla ya Kiswahili kushika hatamu. Mwandikiwa alitajwa kwa jina na sifa, kisha akaombewa dua ya kusalimishwa na Mwenyezi Mungu. Katika Kiarabu, dua hiyo hubeba kiambishi -hu ikiwa mwandikiwa ni mwanamume, na -ha ikiwa ni mwanamke. Vivyo hivyo, akhi ni ndugu wa kiume na ukhti ni ndugu wa kike. Kwa maneno mengine, katika karatasi ile ile moja, sehemu ya Kiarabu ilimlazimu mwandishi kutaja jinsi ya mwandikiwa, na sehemu ya Kiswahili haikumlazimu. Dua ikitafsiriwa kuwa “Mungu amsalimishe”, tofauti inayeyuka ndani ya -m-. Akhi na ukhti wakitafsiriwa, wote wawili huwa ndugu.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kiwakilishi chenye jinsi si kigeni katika barua ya Kiswahili: kilikuwamo kwa njia ya Kiarabu, na waandishi walikimudu. Pili, pale Kiswahili kilipojitegemea, kiliacha kiwakilishi hicho na kubaki na bin na binti. Kazi ilibaki katika jina.

4.0 Bwana na Bibi: Jinsi Iliyofungwa katika Daraja

Utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, uliichukua barua ya Kiswahili na kuifanya chombo cha ofisi. Bara, ambako Uislamu haukuwa umeenea kama pwani, bin na binti havikuwa na mizizi ile ile. Mahali pake palichukuliwa na jina la ubatizo upande mmoja, na maneno bwana na bibi upande mwingine.

Maneno hayo mawili huonekana kuwa jozi ya jinsi, lakini matumizi yake ya kikoloni yanaonesha vingine. Bwana lilikuwa kwanza neno la umiliki na mamlaka: bwana kinyume cha mtumwa. Mkuu wa wilaya wa kizungu aliitwa Bwana Shauri, kwa maana ya mtu anayeamua mashauri. Mwanamke wa kizungu hakuitwa Bibi Shauri: alikuwa memsahibu, neno lililotoka India. Mwafrika mwanamume, hata akiwa na umri wa kumzaa karani, aliweza kuitwa boi. Kwa hiyo, neno la heshima lilipima mambo matatu kwa pamoja, yaani jinsi, daraja na rangi, na daraja na rangi vilitangulia. Bwana mbele ya jina lilisema “ni mwanamume” baada tu ya kusema “ni wa juu”.

Kwa upande wa bibi, uzito ulikuwa tofauti. Neno hilo hilo lilimaanisha mwanamke wa heshima, mke wa mtu, na mama wa mzazi. Bwana lilibaki lile lile katika maisha yote ya mwanamume, wakati neno la mwanamke lilibadilika kwa kufuata ndoa na umri wake. Ufupisho Bi., ambao leo hutumika bila kuuliza kama mhusika ameolewa, umeupunguza mzigo huo, lakini haujauondoa. Ofisini bado mwanamke mmoja anaweza kuwa Bi. katika barua, Dada katika mazungumzo na Mama baada ya miaka michache, ilhali mwenzake anabaki Bw. hadi kustaafu.

5.0 Ndugu: Jaribio la Kufuta Tofauti

Mwaka 1967 ni mwaka wa mgeuko. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5. Mwaka huo huo Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria. Neno ndugu, ambalo TANU ilikuwa imelifanya msingi wa imani yake kwamba binadamu wote ni ndugu, liliingia katika barua za ofisi mahali pa bwana. Waziri alikuwa Ndugu, na mhudumu wa ofisi alikuwa Ndugu. Ufupisho wake, Ndg., ulikaa mbele ya majina katika orodha za wajumbe, mihutasari ya vikao na anwani za bahasha.

Kisarufi, uteuzi wa ndugu ulikuwa na matokeo ambayo hayakuwa lengo lake kuu. Nia ilikuwa kumwondoa bwana, yaani kufuta daraja. Lakini kwa kuwa ndugu hana jinsi, hata Kiswahili kikilazimika kusema ndugu wa kike au ndugu wa kiume pale tofauti inapohitajika, kumwondoa bwana kulimwondoa bibi pia. Kwa muda wa takribani robo karne, mtumishi wa umma wa Tanzania aliweza kuandikiwa na kuandika barua rasmi ambayo haikuonesha popote, nje ya jina lenyewe, kama ni mwanamke au mwanamume. Yale yanayotafutwa leo na baadhi ya watetezi wa they katika Kiingereza, yaani namna ya kumtaja mtu ofisini bila kwanza kumweka upande mmoja, yalikuwa tayari katika majalada ya Serikali, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo.

Saini ya barua ya Serikali iliunga mkono hali hiyo. Anayesaini si mtu bali ni ofisi. Jina huandikwa, lakini chini yake huja cheo kwa herufi kubwa: KATIBU MKUU, MKURUGENZI MTENDAJI, AFISA ELIMU. Ikiwa mwenye cheo hayupo, mwingine husaini kwa niaba yake kwa kutanguliza Kny. Vyeo hivyo havina jinsi. Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Nakala yake ya Kiswahili humtaja Rais kwa viambishi visivyo na jinsi, wakati tafsiri yake ya Kiingereza humtaja kwa kiwakilishi cha mwanamume. Tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais, hapakuwa na neno hata moja la Katiba ya Kiswahili lililohitaji kusomwa kwa kufasiri upya. Tafsiri ya Kiingereza ilihitaji kanuni ya tafsiri ya sheria isemayo kwamba maneno ya kiume huwahusu pia wanawake.

6.0 Kurudi kwa Daraja, na Jinsi Ndani ya Cheo

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, ndugu lilianza kuonekana kuwa neno la chama kimoja. Mheshimiwa, ambalo awali lilikuwa la bungeni na mahakamani, likaenea hadi kwa madiwani na wakuu wa wilaya. Bw. na Bi. vilirudi katika barua za kawaida. Wasomi walitanguliza Dkt. na Prof., walimu Mwl., wahandisi Mha. Inafaa kutazama ni kipi kilichorudi. Maneno mengi ya kundi hili hayana jinsi: Mhe., Dkt. na Mwl. ni ya wote. Kilichorudi kwa nguvu ni daraja. Anayekosea kumwandikia mtu Bw. badala ya Dkt. husahihishwa haraka kuliko anayesahau kuandika Bi.

Hata hivyo, jinsi iliingia kwa mlango mwingine, yaani ndani ya cheo chenyewe. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30 ya wabunge, na halmashauri zina madiwani wa aina hiyo. “Mbunge wa Viti Maalumu” chini ya saini ni cheo kinachomtaja mwenye nacho kuwa ni mwanamke bila kutumia neno mwanamke. Kiliwekwa ili kumwingiza mwanamke mahali alipokuwa amekosekana, lakini pia humtenga na mbunge wa jimbo katika mstari ule ule wa saini. Husemwa kwamba lugha isiyo na jinsi ya kisarufi huzaa usawa. Historia hii haiungi mkono dai hilo. Lugha haikuulazimisha ubaguzi, wala haikuuzuia. Ilichofanya ni kuamua mahali utakapoandikwa.

7.0 Kabanga: Saini Inapovuka Lugha

Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha huingia Ngara na kufika Kabanga, mkabala na Kobero. Hapo nyaraka za shehena moja zinaweza kuwa za Kiingereza kwa upande wa kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, za Kiswahili kwa upande wa Serikali ya Tanzania, na za Kifaransa au Kirundi kwa upande wa pili. Historia ya karibuni imeongeza uzito wa Kiingereza wilayani. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takribani saa 24, na Ngara ikajaa ofisi za mashirika ya misaada yaliyofanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Mradi wa nikeli unaobeba jina la Kabanga ulifuata njia hiyo hiyo: Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa kuunda kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa zake.

Katika mazingira haya, ugumu wa jina unajitokeza. Majina mengi ya asili ya ukanda huu ni sentensi fupi kuhusu Mungu, shukrani au hali ya familia mtoto alipozaliwa. Niyonzima, Ndayisenga, Habonimana na Nshimirimana hupewa watoto wa kike na wa kiume. Jina la ubatizo, ambalo misheni za Kikatoliki na Kianglikana zililieneza, ndilo lililochukua kazi ya bin na binti: Petro au Maria humweleza msomaji yale ambayo jina la asili halisemi. Lakini saini ya barua pepe mara nyingi hupunguza jina la ubatizo kuwa herufi moja. “M. Niyonzima, Afisa Forodha” ni saini kamili na ya heshima kwa Kiswahili. Haina pengo lolote. Msomaji wa Kiingereza anayetaka kuandika taarifa kuhusu afisa huyo analazimika kuchagua, na kwa cheo cha namna hiyo, mazoea humwelekeza kwenye he. Programu za tafsiri hufanya hivyo hivyo kwa kasi zaidi: kutoka katika a- ya Kiswahili, hukisia mwanamume kwa daktari na mwanamke kwa muuguzi, kwa kufuata wingi wa mifano iliyolishwa.

Hapa ndipo penye hasara halisi, na si ya adabu peke yake. Barua ya leo ni ushahidi wa kesho. Mwanahistoria atakayesoma taarifa za Kiingereza za ofisi za mpakani atakuta wanaume wengi kuliko waliokuwapo, kwa sababu tu kila a- iliyokosa maelezo iligeuzwa he. Mwanamke aliyepima shehena, aliyeandika ripoti ya mgodi au aliyeendesha kituo cha afya atapotea katika tafsiri, wala hakuna atakayeweza kumwonesha mahali alipofutwa. Aliyeandika kwa Kiswahili hakumficha, na aliyetafsiri hakukusudia kumfuta. Pengo limo katika kivuko.

Je, dawa yake ni kuongeza mstari wa viwakilishi? Kwa barua inayoandikwa kwa Kiingereza, uamuzi ni wa mwandishi na ofisi yake, na hauwezi kutenganishwa na mabishano ambayo mstari huo umebeba kutoka ulikozaliwa. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huuona kwanza kama msimamo katika mabishano hayo, kabla ya kuuona kama taarifa. Lakini barua ya Kiswahili ina nyenzo yake ya zamani zaidi. Anayetaka jinsi yake ijulikane anaweza kuandika Bi. au Bw., au jina lake la ubatizo kwa ukamilifu. Asiyetaka ana Ndg., au ana cheo peke yake. Mtafsiri naye ana wajibu: pale asili isiposema, arudie jina au cheo badala ya kubuni jinsi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba swali la saini si geni kwa Kiswahili. Lilijibiwa Kilwa kwa binti, likajibiwa katika dua kwa viambishi vya Kiarabu, likafungwa na wakoloni ndani ya bwana, likafutwa na ndugu, na limerudi kwa vipande katika Bi., Mhe. na Viti Maalumu. Katika safari hiyo yote, mabishano makali yalihusu nani yuko juu ya nani. Jinsi ilifuata nyuma, mara ikibebwa, mara ikiachwa. Kwa sababu hiyo, wahariri wa miongozo ya uandishi wa barua za ofisi wasinakili mstari wa Kiingereza ambao kwa Kiswahili hausemi kitu, wala wasijifariji kwamba yeye imekwisha kumaliza kazi. Utafiti unaohitajika sasa ni wa majalada: kufuatilia, ofisi kwa ofisi, lini Ndg. iliondoka mbele ya majina ya wanawake, na ni neno gani liliwekwa mahali pake.